Namna ya Kufikia Cheo cha Mhandisi Mwandamizi wa Programu katika Shirika la Habari

Ukitaka kupanda hadi cheo hiki, anza kwa kukaa na wahariri ili uone habari inavyosafiri kutoka kwa mwandishi hadi kwa msomaji. Django, mfumo wa kujengea tovuti, ulizaliwa katika mazingira hayo: mwaka 2003, Adrian Holovaty na Simon Willison, wakiwa katika gazeti la Lawrence Journal-World huko Kansas, Marekani, walihitaji njia ya kujenga kurasa kwa kasi ya habari, na mwaka 2005 mfumo ukatolewa kwa umma.

Kipimo kikubwa ni usiku wa uchaguzi, wasomaji wengi wanapoingia kwa pamoja. Usiiachie hifadhidata kazi ya kumjibu kila msomaji. Andaa ukurasa wa matokeo uwe faili tuli, yaani ukurasa uliokwisha kuandaliwa, linaloandikwa upya kila takwimu mpya zinapoingia, kisha hakikisha kwamba mhariri anapofanya masahihisho, nakala za zamani zilizobaki kwenye seva za kati, zile zinazompelekea msomaji nakala za kurasa, zinafutwa papo hapo, kwa kuwa msomaji anayeona kosa hulilaumu gazeti. Lugha za programu utajifunza njiani. Unapoomba cheo, onyesha hitilafu ulizozizuia na wahandisi wachanga uliowalea.