Dharura za Mgonjwa wa Saratani: Mwongozo kwa Muuguzi wa Nyanda za Juu Kusini

Mgonjwa wa saratani anayeishi Makete, Ludewa au Rungwe kwa kawaida hupata tibakemikali, yaani dawa za kuua seli za saratani zinazotolewa kwa dripu, mbali na kwake, ama katika hospitali ya rufaa, ama katika Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, kisha hupanda basi kurudi nyumbani. Siku anapoondoka hospitalini hali yake huwa inaridhisha. Chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo kinga yake, hushuka hadi kiwango cha chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu, na kufikia hapo mgonjwa amekwisha kufika kijijini. Ndiyo maana dharura nyingi za saratani katika mikoa yetu hukutwa kwanza na muuguzi wa zahanati au kituo cha afya ambaye hajawahi kufanya kazi katika wodi ya saratani, na si na daktari bingwa. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya muuguzi huyo. Dozi zilizotajwa humu ni za mtu mzima, nazo zitolewe kwa maelekezo ya daktari au tabibu wa zamu na kwa kufuata mwongozo wa kituo chako.

Kabla ya kipimo chochote, uliza jambo moja: "Mama, dripu ya mwisho ya saratani ulipewa lini?" Tarehe hiyo iandikwe juu kabisa ya faili. Mgonjwa akiwa hakumbuki, omba kadi yake ya kliniki au muulize ndugu aliyemsindikiza, kwa kuwa jibu lake ndilo litakaloamua kama homa iliyo mbele yako ni homa ya kawaida au ni hatari inayohesabiwa kwa dakika.

Homa baada ya tibakemikali

Joto la mdomoni linalofika nyuzi 38.3 hata mara moja tu, au linalokaa kwenye 38.0 kwa saa nzima, kwa mtu aliyepata tibakemikali katika wiki chache zilizopita, lichukuliwe kuwa ni maambukizi makali mpaka ithibitike vinginevyo. Kipimajoto cha kwapani husoma chini kidogo kuliko cha mdomoni, hivyo 37.8 ya kwapani isikutulize. Usipime joto kwa njia ya haja kubwa wala usiweke dawa ya kupachika huko, kwa sababu mchubuko mdogo wa utumbo unaweza kuingiza bakteria moja kwa moja kwenye damu.

Mwezi Juni na Julai, baridi ya Makete na Mbeya huwapotosha wengi. Mgonjwa anafika akiwa amejifunika mablanketi mawili na anatetemeka, naye mwenyewe anasema ni baridi tu, na anayempokea anakubali. Mtetemeko wa mwili mzima kwa mtu aliyepata tibakemikali ni dalili ya maambukizi hata kama kipimajoto bado hakijapanda. Zaidi ya hayo, mgonjwa anayetumia dawa za steroidi kama prednisoloni au deksamethasoni anaweza asipandishe joto kabisa, kwa kuwa dawa hizo huificha homa. Huyo utamtambua kwa mapigo ya moyo yanayokwenda mbio, pumzi zinazozidi 22 kwa dakika, shinikizo la damu linaloshuka, au kuchanganyikiwa kulikoanza siku hiyohiyo.

Usitegemee kuona usaha. Usaha hutengenezwa na chembe nyeupe, na mgonjwa huyu hana za kutosha. Kidonda chake kinaweza kuwa chekundu kidogo tu, na mapafu yake yasitoe makohozi ingawa yana nimonia. Kagua mdomo, ngozi, mahali palipowekwa kanula (kijiti laini cha dripu kwenye mshipa), na sehemu ya haja kubwa kwa kuitazama tu bila kuingiza kidole.

Lengo ni dozi ya kwanza ya antibayotiki iingie mshipani ndani ya dakika 60 tangu mgonjwa avuke mlango wa kituo. Weka kanula, chukua damu ya kuhesabu chembe na ya kuotesha vimelea ikiwa kituo kina uwezo huo, kisha toa dawa bila kungoja majibu. Katika hospitali kubwa huchaguliwa dawa zinazoua pia bakteria aina ya sudomonasi, kama vile piperasilini pamoja na tazobaktamu, au meropenemu. Katika kituo cha afya mara nyingi kilichopo ni seftriaksoni na jentamisini. Seftriaksoni gramu 2 inayotolewa sasa hivi ina faida kubwa kuliko dawa bora zaidi itakayotolewa baada ya safari ya saa nne. Jentamisini inahitaji tahadhari kwa kuwa inaweza kudhuru figo: mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi huenda amepewa sisplatini, dawa ya tibakemikali ambayo tayari huelemea figo, kwa hiyo taja jambo hilo unapompigia daktari simu kuomba maelekezo.

Kipimo cha haraka cha malaria kifanyike, hasa kwa anayetoka Kyela au bonde la Usangu. Lakini majibu chanya yasiwe sababu ya kuacha antibayotiki, kwa maana mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili. Shinikizo likiwa chini, mpe maji ya chumvi mililita 500 kwa haraka, kisha msikilize mapafu na umpime upya kabla ya kuongeza, kwa sababu wengi wa wagonjwa hawa wana upungufu mkubwa wa damu na mapafu yao hujaa maji upesi. Epuka sindano za msuli, kwani chembe sahani, zinazogandisha damu, zinaweza kuwa zimeshuka pia na damu ikavujia ndani ya nyama.

Hapa niseme jambo kuhusu kipimo cha oksijeni cha kidoleni. Mbeya mjini ni takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Makete ni juu zaidi, hivyo mtu mzima mwenye afya anaweza kusoma asilimia chache pungufu ya yule wa pwani. Asilimia 94 pekee isikutie hofu kuliko inavyostahili. Ilinganishe na kasi ya pumzi zake, na ikiwezekana na ilivyokuwa alipokuja siku za nyuma.

Maumivu ya mgongo na miguu inayolegea

Dharura hii haina kelele, na kwa maoni yangu ndiyo inayopuuzwa kuliko zote. Saratani ya tezi dume, ya matiti, ya mapafu, na ile ya uboho hupenda kuhamia kwenye pingili za mgongo, na uvimbe ukikua hubana uti wa mgongo. Maumivu huweza kutangulia kwa wiki kadhaa kabla miguu haijalegea. Maumivu hayo huzidi mgonjwa akilala, akikohoa au akijikamua, na pengine huzunguka kifua au tumbo kama mkanda uliokazwa. Mzee wa miaka 70 aliyelima maisha yake yote atakwambia mgongo ni wa jembe, tena atasema hivyo baada ya kuwa umemsalimia na kumkalisha, kwa kuwa wazee wetu wengi hawapendi kulalamika. Muulize kwa upole: "Mzee, usiku unalala? Ukinyanyuka kitini miguu inakubeba? Mkojo unatoka kama zamani?" Mwombe atembee hatua chache mbele yako. Pima nguvu za miguu yote miwili, gusa ngozi kutoka miguuni kupanda juu mpaka upate mahali hisia inapobadilika, na papasa kibofu.

Kushindwa kukojoa na kufa ganzi sehemu za siri huja mwishoni, na mgonjwa aliyefikia hapo amechelewa. Anayeanza matibabu akiwa bado anatembea kwa kawaida huendelea kutembea, bali aliyekwisha kupooza ni mara chache tu miguu yake hurudi. Kwa hiyo mpigie daktari saa ileile. Deksamethasoni miligramu 16 kwa kawaida ndiyo dozi ya kuanzia, pamoja na dawa ya kulinda tumbo na kupima sukari, isipokuwa daktari anashuku limfoma (saratani ya mfumo wa limfu) ambayo haijathibitishwa kwa kupima kipande cha nyama ya uvimbe, kwa sababu dawa hiyo inaweza kuiyeyusha kabla haijatambuliwa. Mgonjwa alale chali sehemu tambarare, na anapogeuzwa ageuzwe kwa watu watatu au wanne, kichwa, mabega na nyonga vikienda pamoja. Akiwa hawezi kukojoa, mwekee mpira wa mkojo.

Kifua kikuu cha mgongo nacho hufanana na hali hii, na katika mikoa ya Njombe na Iringa, ambako maambukizi ya virusi vya ukimwi ni ya juu kuliko mikoa mingi nchini, ni kawaida kukifikiria kwanza. Kifikirie, ila usimwache mgonjwa wa saratani akingoja majibu ya makohozi wakati miguu inalegea. Mionzi au upasuaji ndio unaouokoa uti wa mgongo, na safari ya kwenda Ocean Road ni zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya, zikiwemo kona za Kitonga. Kila saa uliyoipoteza kituoni inaongezwa juu ya safari hiyo.

Damu nyingi ukeni

Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na wengi hufika ikiwa imekwisha kuenea. Mama anapofika akivuja damu, mlaze, weka kanula mbili kubwa, chukua damu ya kupima wingi, kundi na ulinganifu, kisha anza maji ya chumvi. Usiingize vidole kupima uvimbe, kwa kuwa unaweza kuuchubua zaidi. Asidi ya traneksamiki gramu 1 hutolewa mshipani polepole kwa takriban dakika 10, iwapo hana historia ya damu kuganda kwenye mishipa.

Damu ikiendelea, uke hupakiwa kwa gauzi ndefu, kwa mkono uliozoea, kuanzia juu kushuka chini mpaka nafasi yote ijae kwa kukaza. Gauzi moja ndefu ni salama kuliko vipande vingi. Ikibidi kutumia vipande, vifungwe pamoja na idadi yake iandikwe kwenye faili na kwenye barua ya rufaa, kwa sababu kipande kinachosahaulika huleta maambukizi mabaya. Weka mpira wa mkojo kabla, kwani gauzi itabana njia ya mkojo. Gauzi isizidi saa 24.

Nyingine za kutambua upesi

Mgonjwa mwenye uvimbe kifuani anayevimba uso na shingo, mishipa ya shingo ikiwa imetuna na hali ikizidi anapoinama, mshipa mkuu unaorudisha damu kutoka kichwani umebanwa. Mkalishe wima, mpe oksijeni ikiwa inahitajika, na usiweke dripu mkononi; tafuta mshipa wa mguuni. Asilazwe chali hata kwa ajili ya picha.

Kiu isiyokwisha, mkojo mwingi, choo kigumu na usingizi unaogeuka kuwa kuchanganyikiwa ni dalili za kalsiamu kupanda, hasa kwa saratani ya matiti na ya uboho. Ndugu huona kama ni uchovu au kama morifini, dawa ya maumivu makali, imezidi. Tiba huanza kwa maji ya chumvi, kisha hospitalini hupewa asidi ya zoledroniki miligramu 4.

Mtoto mwenye limfoma ya Burkitt, uvimbe unaokua kwa kasi kwenye taya au tumboni na unaohusishwa na malaria, anaweza kupata hatari nyingine ndani ya siku tatu za kwanza za matibabu, pale seli nyingi zinapokufa kwa pamoja na kumwaga potasiamu na asidi ya yuriki kwenye damu. Andika kila mililita ya maji yanayoingia na ya mkojo unaotoka. Usimpe dripu ya ringa, maana ina potasiamu. Mkojo ukipungua au moyo ukipiga bila mpangilio, mwite daktari mara moja.

Dawa ya tibakemikali ikivuja nje ya mshipa, funga dripu lakini usichomoe kanula kabla ya kuvuta kwa bomba la sindano kile kilichobaki ndani. Doksorubisini huwekewa kitu cha baridi, vinkristini huwekewa cha uvuguvugu, na kuweka baridi panapotakiwa uvuguvugu, au kinyume chake, huongeza madhara.

Kumwandaa kwa safari

Piga simu kabla gari halijaondoka, ukitaja aina ya saratani, tarehe ya dripu ya mwisho, vipimo vya sasa, na saa kamili ya kila dawa uliyotoa. Mambo hayohayo yaandikwe kwenye barua ya rufaa, kwa kuwa anayepokea simu huenda si yule atakayempokea mgonjwa zamu ikibadilika. Dozi ya pili ya antibayotiki, kama itaangukia njiani, ibebwe na muuguzi anayesindikiza. Anayetumia morifini apewe ya kumfikisha. Anayevuja damu asindikizwe na ndugu wawili wenye afya watakaoweza kuchangia damu, na kadi yake ya kliniki pamoja na majibu ya kipande cha nyama visibaki nyumbani.