Kitabu chako cha kwanza: jalada linaweza kusubiri

Nina steshenari ndogo Moshi mjini, dakika chache kwa mguu kutoka stendi. Kinachoniingizia hela ni fotokopi, picha za pasipoti na kuchapa barua za kuomba kazi. Ila tangu nilipotoa kitabu kuhusu maisha ya bibi yangu wa Kibosho, watu wananiletea na madaftari. Nimeshapokea mwalimu mstaafu, mpagazi wa mlimani, mama wa kwaya. Karibu wote wanaanza na swali lilelile: "Dada, jalada shilingi ngapi?" Ukifungua daftari unakuta shukrani kurasa tatu, dibaji, na "kuhusu mwandishi". Sura ya kwanza haipo.

Haya ndiyo ninayowaelekeza wakishakaa kwenye benchi. Nazungumzia kumbukumbu na maisha ya watu, maana ndiyo kazi ninayoijua. Wa riwaya achukue kinachomfaa.

Hatua ya 1: Tafuta mtu mmoja wa kumsimulia

Ukisema unawaandikia "Watanzania wote" utaandika kama hotuba ya mgeni rasmi. Chagua mtu mmoja mwenye jina. Mimi nilimwandikia binti wa dada yangu, aliyezaliwa Dar, ambaye kila tukipanda kwa bibi alikuwa anauliza kwa nini ng'ombe hawatoki bandani. Kwa kuwa hajui, ilinibidi nieleze kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, ni nini, majani yanakatwa wapi na nani anayabeba. Na kwa kuwa ni mtoto wa nyumbani, sikuwa na haja ya kumhubiria. Jina lake niliandika juu ya ukurasa wa kwanza, nikaja kulifuta mwishoni.

Hatua ya 2: Sentensi moja

Andika kitabu kinahusu nini kwa sentensi moja. Yangu ilikuwa: "Jinsi bibi alivyosomesha watoto kwa ndizi na maziwa kahawa ilipoanguka bei." Ukijikuta unaongeza "na pia", una vitabu viwili. Andika kimoja.

Hatua ya 3: Anza na tukio

Hapa ndipo ninapokaa na mtu muda mrefu kuliko pengine pote. Yule mwalimu mstaafu aliniletea ukurasa unaoanza hivi: "Marehemu babu yangu alikuwa mtu mwema, mchapakazi na aliyependwa na kila mtu." Nikamuuliza, "Mwalimu, alifanya nini mpaka mkamwita mtu mwema?" Akanyamaza. Kisha akaanza kusimulia habari za zamu ya maji ya mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia mashamba, jinsi babu alivyokuwa akiamka saa kumi usiku na jembe begani, na siku aliyokuta jirani ameyageuzia maji kwake. Alisimulia robo saa nzima, wateja wa fotokopi wamesimama wanasikiliza. Nikamwambia aende akaandike hivyohivyo alivyosema. Wiki iliyofuata akaja na hii:

"Babu alikuta mfongo umezibwa kwa shina la mgomba. Hakuliondoa. Alizima chemli, akakaa juu ya jiwe, akamsubiri mwenyewe aje."

Neno "mwema" halimo, na sasa unataka kujua jirani alipofika ilikuwaje.

Kwa hiyo andika orodha ya matukio kumi, kila moja mstari mmoja. "Siku ng'ombe alipouzwa kwa ada." "Mjomba kurudi usiku." Usiyapange. Chagua lile unaloliona vizuri zaidi, unalokumbuka hadi harufu yake, na uanze nalo hata kama halina dalili ya kuwa mwanzo wa kitabu. Tukio langu la kwanza kuliandika limeishia kwenye sura ya sita.

Hatua ya 4: Saa na hesabu

"Nitaandika nikipata nafasi" ni kauli ninayoisikia sana, na madaftari ya waliosema hivyo bado meupe. Weka saa. Mimi ni saa kumi na moja alfajiri kabla ya kwenda kufungua duka. Jioni akili yangu imeshakuwa fotokopi.

Lengo ni maneno 300 kwa siku, ambayo kwa mwandiko wa kawaida ni kama ukurasa mmoja wa kaunta buku. Ukiandika siku tano kwa wiki, wiki 20 zinakupa maneno 30,000. Ukurasa wa kitabu cha saizi ya A5 unabeba maneno 250 hadi 300, hivyo una kitabu cha kurasa 100 na zaidi. Kuandika kwenye simu ni sawa tu. Yule mpagazi alijitumia sehemu kubwa ya kitabu chake mwenyewe kwa WhatsApp.

Hatua ya 5: Wazee na miaka

Mzee ukimuuliza "ilikuwa mwaka gani?" atakupa mwaka wowote ili umwache apumzike. Muulize kwa mambo. Chora mstari mrefu kwenye karatasi, uweke alama: 1933 ushirika wetu wa kahawa, KNCU, 1961 Uhuru, 1967 Azimio la Arusha, 1978 hadi 1979 vita ya Kagera, 1997 hadi 1998 mvua za El Nino. Kisha uliza: "Wakati wa Azimio ulikuwa umeshajenga?" Bibi aliniambia aliolewa baada ya Uhuru. Dakika kumi baadaye akasema mwenge ulipopandishwa mlimani alikuwa na mjomba mgongoni. Mwenge ulipandishwa usiku wa Uhuru wenyewe. Tulicheka, nikasahihisha.

Omba ruhusa, rekodi kwa simu, na usimkatize akirudia habari ileile. Marudio ya tatu ndiyo yenye jina alilolificha mwanzoni.

Mambo ya mipaka ya kihamba na nani alimdhulumu nani yaandike, ila yasitoke kwenye daftari kabla hujakaa na familia. Hapo siongei kama mwandishi, naongea kama mtu wa ukoo.

Hatua ya 6: Usirudi nyuma

Rasimu ya kwanza haisahihishwi. Nina mteja ambaye sura yake ya kwanza nimeichapa mara tisa, na ya pili sijaiona mpaka leo. Pasipo na jibu weka XX uendelee: "mwaka ule kilo ya kahawa ilikuwa shilingi XX". Neno la Kichaga likikujia kabla ya la Kiswahili, liandike hilohilo. Kupanga sura, kukata na kusawazisha ni kazi ya rasimu ya pili.

Hatua ya 7: Nakala

Kila jioni piga picha kurasa za siku hiyo, au jitumie faili kwa barua pepe. Flashi yangu ilikufa na sura mbili ndani, na nilipoziandika upya hazikurudi zilivyokuwa.

Hatua ya 8: Msomee mtu kwa sauti

Ukimaliza rasimu, msomee mtu mmoja mvumilivu. Usimwombe maoni, mwangalie tu. Akishika simu, weka alama pembeni. Ulimi wako ukijikwaa, weka nyingine. Woga wa kuibiwa uuache: kwa sheria ya hakimiliki ya 1999, kazi ni yako tangu ulipoiandika.

Hapo ndipo tuongee jalada. Jua kwanza unaongea na nani. Mchapishaji anapima muswada wako, anauhariri na kugharamia kitabu, kisha anakupa mrabaha, yaani fungu lako la mauzo. Mchapaji ni mwenye mashine. Unamlipa, anakutolea ulichompa, pamoja na makosa yaliyomo. Anayejiita mchapishaji huku akikudai hela ya kuchapa, mhesabu kama mchapaji. Namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, ukiamua kujichapishia, inaombwa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania.

Na kabla mashine haijawashwa, dai nakala moja ya majaribio uifungue ukurasa kwa ukurasa, namba zote. Mimi nilisaini nikiwa na haraka ya kuwahi gari. Vitabu 200 vikaja, ukurasa wa 46 umo mara mbili, wa 48 haumo. Niliuchapa ule wa 48 hapahapa dukani, nikawa nabandika kimoja kimoja kwa gundi. Boksi la mwisho bado liko chini ya meza, likisubiri Jumapili nisiyo na kazi.