Nakili mashine nzima, usinakili mafaili peke yake

Masika ya mwaka juzi, mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko la Mbuyuni, hapa Moshi, aliniita asubuhi. Usiku umeme ulikatika na kurudi mara kadhaa, na kompyuta ya kaunta ikagoma kuwaka. "Usihangaike mwanangu, mafaili yangu yote yako kwenye flashi," akaniambia. Kweli yalikuwemo. Lakini programu ya stoo, leseni yake, mipangilio ya printa ya risiti, vyote vilikuwa kwenye diski iliyokufa. Aliuza kwa daftari siku tatu. Nilimwonea huruma sana yule mzee.

Tangu hapo, kila ofisi ninayoihudumia naichukulia bakapu, yaani nakala ya akiba, ya diski nzima. Natumia Clonezilla, programu ya bure inayowashwa kutoka kwenye flashi. Utahitaji pia diski ya nje. Clonezilla huchukua sehemu zenye data tu na kuzibana, hivyo mashine ya GB 500 iliyojaa GB 120 haikumalizii nafasi.

Kwanza zima Windows kikamilifu: shikilia Shift unapobofya Shut down kwenye menyu ya Start. Windows 10 na 11 kwa kawaida hazizimiki zote, hujihifadhi nusu ili ziwake haraka, na diski ikiwa katika hali hiyo kuinakili kunaweza kugoma. Kama diski imefungwa kwa BitLocker (kufuli la Windows linaloficha data), andika ufunguo wake wa dharura wa tarakimu 48 kwenye karatasi na uutunze nyumbani. Usiuache ndani ya mashine hiyohiyo!

Washa kwa flashi ya Clonezilla, chagua device-image (kunakili diski kuwa faili), onyesha diski ya nje kuwa ndiyo ghala, kisha savedisk (hifadhi diski nzima). Ikikuuliza kama ikague nakala baada ya kumaliza, kubali, hata kama una haraka ya kufunga duka.

Nunua diski za nje mbili. Moja ikae dukani, nyingine nyumbani, uzibadilishane kila Jumamosi, na zote zichomolewe kazi ikiisha. Virusi wa kudai fidia, kama WannaCry wa Mei 2017, hufunga hata mafaili ya diski wanayoikuta imechomekwa. Mauzo ya katikati ya wiki uyanakili kila jioni kwa njia yako ya kawaida, maana bakapu ya Jumamosi haiyajui.

Sasa sehemu ambayo wengi huiruka, nami naomba usiiruke: jaribu kurejesha. Tafuta diski ya mtumba isiyopungua ukubwa wa ile ya awali. Chomoa kwanza ya awali uiweke pembeni, kwa sababu restoredisk, chaguo la kurejesha, hufuta kila kitu kwenye diski unayoichagua, na ukikosea jina umepoteza duka kwa mkono wako. Funga ya mtumba, rejesha, washa. Fungua programu ya stoo, tafuta bei ya mfuko wa saruji, toa risiti moja. Risiti ikitoka, andika tarehe ya siku hiyo kwenye diski ya nje kwa kalamu isiyofutika.