Kambare Abaki, Maji Ndiyo Yatoke

Wengi wanaofuga samaki kwenye tangi la kioo hapa Tanga huliosha tangi kama pipa la maji ya kunywa. Samaki anatupwa kwenye beseni, maji yote yanamwagwa, mchanga unasuguliwa, kioo kinapigwa sabuni, kisha bomba linafunguliwa mpaka juu. Tangi linang'aa. Kesho yake samaki anahema. Mimi kambare wangu simtoi ndani, na sitoi maji yote. Mengine yanafuata hapo.

Mimi ni fundi pikipiki, naishi Makorora. Tangi liko sebuleni, lita 250 hivi, na kambare mwenyewe ana shibiri moja na ushee. (Bibi jirani kila akipita: "Mwanangu, mchuzi wa nazi huo, unautazama tu?") Kila wiki natoa robo, yaani ndoo tatu za lita 20, naongeza tatu.

Kwa nini robo? Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, na amonia ni sumu. Bakteria walioko kwenye sponji ya chujio (kile kifaa cha umeme kinachosafisha maji ya tangi) na kwenye mchanga huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha nitrati, ambayo si kali hivyo. Nitrati ndiyo tunayoipunguza kwa kubadilisha maji. Ukiosha kila kitu umewafukuza bakteria wote, na amonia haina wa kuishughulikia.

Tangi lililokaa miezi bila kuguswa ndilo la kuliendea polepole zaidi. Maji yake huwa yameingia asidi, na kwenye asidi amonia nyingi hukaa katika hali isiyodhuru sana. Mwaga maji mapya mengi kwa mkupuo, asidi inapungua, ile amonia inageuka kali palepale. Hapo ndipo unapomsikia mtu akilalamika, "Nimembadilishia maji tu, akafa." Tangi la namna hiyo toa ndoo moja leo, nyingine keshokutwa, hivyo hivyo mpaka lizoee.

Kazi kubwa iko kwenye kuandaa maji, na inaanza jana yake. Maji yetu ya bomba yanatoka bwawa la Mabayani, kwenye mto Zigi, na hutiwa klorini ili sisi tusiugue. Klorini haichagui: inaua vijidudu vya kipindupindu na inaua bakteria wa chujio. Kambare naye hana magamba, ana ngozi tupu yenye ute, na zile sharubu zake nane ndizo anazoonjea. Klorini inamchoma. Kwa hiyo Alhamisi jioni najaza ndoo tatu na kuziacha wazi, natumbukiza jiwe la pampu ya hewa, lile linalotoa mapovu, kwa zamu, juu natandika kipande cha chandarua. Usitumie dumu lililofungwa kifuniko, klorini haina pa kutokea. Mwenye dawa ya kuondoa klorini, ile ya sodiamu thaiosalfeti, anaweza kuitia kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na asisubiri usiku kucha.

Maji ya kisima? Visima vya karibu na pwani vingi vina chumvi, onja kwanza. Ya mvua hayana madini; acha ya mwanzo yaoshe bati, yanayofuata changanya nusu kwa nusu na ya bomba.

Faida nyingine ya kulaza ndoo sebuleni ni joto. Maji ya simtanki jeusi, saa saba mchana mwezi wa pili, unaweza kuogea mtoto mchanga. Ukimmiminia kambare hayo umempiga ngumi. Ndoo zikilala chumba kimoja na tangi, joto linalingana lenyewe.

Sasa mikono. Mikono ya fundi ina grisi, petroli na sabuni ya unga, na vyote hivyo ni balaa kwenye maji. Naosha, nasuuza mpaka harufu iishe, hata kwenye kucha. Mpira wa kutolea maji uwe mpya, wa kazi hiyo tu. Ule wa kunyonyea petroli gereji hausafishiki, hata uuchemshe.

Ijumaa baada ya swala nyumba imetulia, ndipo naanza. Nachomoa chujio kwenye umeme kabla maji hayajashuka. Taa ya tangi siiwashi, kambare ni wa usiku. Bomba la plastiki la inchi nne analojificha siliinui. Akiwa ndani yake hata hajui kama kuna mtu. Ncha ya mpira naifunga chandarua, naipitisha taratibu juu ya mchanga pale kinyesi kilipojikusanya, maji yanaishia kwenye ndoo, kisha kwenye mchicha. Sponji ya chujio naikamua ndani ya maji hayo machafu ya tangi, kamwe si bombani.

Kurudisha maji ndiko kunakotaka subira. Porini kambare huzaliana mvua zinapoanza na mito ikafurika, kwa hiyo maji mapya yakipanda ghafla anachachawa na kutafuta njia ya kutoka. Nayarudisha kwa mpira mwembamba kutoka ndoo iliyo juu ya stuli, yakiteremka kwenye kioo, na mfuniko nausogeza kidogo tu. Juu nabakiza nafasi ya vidole vinne, maana kambare hupanda kuvuta hewa. Chakula anapata usiku, uduvi mkavu kidogo.

Kupanda mara moja moja kuvuta hewa ni kawaida yake. Tazama kama anapanda mfululizo, anajisugua kwenye mawe, au ute umekuwa mweupe mwilini. Hapo ongeza hewa, toa robo nyingine ya maji na ujazie yaliyolala, na usimlishe mpaka atulie. Usikimbilie dawa za samaki wenye magamba, ngozi yake haizistahimili sawasawa na wao.

Na ujue kambare huyu akitunzwa anaweza kupita mita moja. Tafuta mapema mtu mwenye bwawa.