Kabla ya kuwakutanisha mtandaoni watoto wenye kigugumizi

Tarehe 22 Oktoba, siku ambayo tangu 1998 dunia huitumia kuelimishana kuhusu kigugumizi, wazazi na walimu wengi hutamani kuwakutanisha watoto kwa video. Ni wazo jema sana. Ila kabla ya kutuma mwaliko, fikirieni muda. Akaunti ya bure ya Zoom hukata kikao cha kundi baada ya dakika 40, na mtoto anayejua saa inamkimbiza hukwama zaidi. Lipieni, au alikeni watoto watano sita tu ili kila mmoja apate nafasi ya kumaliza anachosema.

Kinachosahaulika zaidi ni kwamba kigugumizi hakisikiki kila mara. Tumezoea cha "ma-ma-mama", lakini kuna kukwama kwa kimya: mdomo wazi, shingo imekaza, macho yamesimama, sauti haitoki. Kwenye kioo cha simu, hali hiyo inafanana kabisa na mtandao uliogoma. Mtu mzima mwenye nia njema atasema, "Umekatika mwanangu, hatukusikii," na mtoto aliyekaribia kabisa kulitoa neno atazima kamera. Kubalianeni mapema kwamba hakuna atakayesema hivyo. Mwendeshaji akiwa na shaka asubiri, kisha amwandikie faraghani mzazi aliyeko na mtoto.

Msianze kwa kuwazungusha wajitambulishe. Neno jingine mtoto anaweza kulikwepa akatumia lenzake, lakini jina lake halina mbadala, ndiyo maana huwa gumu kwa wengi. Na kuiona zamu inakusogelea ni mateso. Majina yaandikwe chini ya picha zao, na anayetaka kusema anyooshe mkono. Wimbo unafaa, kwa sababu wengi hawashikwi na kigugumizi wanapoimba, ila mtandaoni sauti hupishana: mmoja aimbe, wengine wazime maikrofoni na kuimba huko waliko.

Wazazi wanahitaji maandalizi kuliko watoto. Fanyeni nao kikao kifupi siku moja kabla, waelezwe wazi kwamba kigugumizi hakiletwi na malezi mabaya wala uoga. Kinahusu namna ubongo unavyoratibu usemi, na mara nyingi kimo katika ukoo. Huanza zaidi kati ya miaka 2 na 5. Wengi kigugumizi huwaacha, na karibu mtu 1 kati ya 100 hubaki nacho ukubwani. Kwa hiyo baba asimalizie sentensi, na shangazi asiseme "vuta pumzi, ongea taratibu". Hata sifa ya "leo hujashikwa kabisa!" inaumiza, kwani inamfundisha mtoto kwamba bora anyamaze. Asifiwe kwa alichokisema.

Mgeni awe mtu mzima mwenye kigugumizi asiyekificha, fundi, muuguzi au yeyote, aongee kama anavyoongea kila siku. Baadhi ya watoto hawajawahi kumsikia mwingine kama wao. Na kwa kuwa wavulana ndio wengi zaidi, msichana anaweza kujikuta peke yake. Tafuteni wa pili mapema.

Bando litumwe jana yake kwa asiye nalo. Msirekodi, na picha ya kikao isiwekwe kwenye status ya mtu yeyote, hata ya mama mwenye furaha, mpaka mtoto mwenyewe aulizwe na akubali.