Kusafisha na kuhifadhi vyombo vya shira ya mepo msimu unapokwisha

Huko Vermont na Maine nchini Marekani, kama ilivyo Quebec, Kanada, ng'ambo ya mpaka, miti ya mepo (maple kwa Kiingereza) hugemwa utomvu, ambao huchemshwa hadi uwe shira, maadamu usiku unagandisha na mchana unayeyusha. Vichipukizi vikianza kuvimba, utomvu hubadilika ladha na kazi hukoma. Hapo ndipo usafi unapopaswa kuanza, siku ileile ikiwezekana, kwa kuwa utomvu una sukari ya takriban asilimia 2, na hiyo yatosha kuotesha ukungu ndani ya vyombo.

Chomoa mirija yote mitini na uache matundu wazi, kwani mti huyafunga wenyewe. Ndoo na mirija visuguliwe kwa brashi na maji ya moto bila sabuni, maana harufu ya sabuni hung'ang'ania plastiki na mwakani itaonekana katika shira. Penye ukungu, tumia sehemu 1 ya klorini ya maji ya kufulia isiyo na manukato kwa sehemu 20 za maji, kisha suuza mara 3. Klorini isiguse sufuria ya chuma kisichoshika kutu, kwani hukila. Hata katika mipira ya kusafirishia utomvu naona heri maji ya moto peke yake, kwa sababu klorini huacha chumvi inayowavuta kuchakuro, nao huitafuna mipira.

Sufuria pana ya kuchemshia ndiyo yenye kazi kubwa. Utomvu unapochemka, madini yake hujikusanya na kufanya ukoko mgumu ambao huzuia joto na kusababisha shira kuungua. Usiukwangue kwa kisu wala kwa steelwaya. Mimina siki nyeupe hadi iufunike, uiache usiku kucha, halafu usugue kwa sifongo na kusuuza mpaka harufu ya siki iishe. Wagemaji wengi wa zamani huacha utomvu wa mwisho uchachuke humo kwa majuma kadhaa ili asidi yake ilegeze ukoko. Njia hiyo hufaa, ila uvundo wake ni mkali, nami naipendelea siki. Siki na klorini zisikutane kamwe, kwani huzaa gesi ya sumu. Sufuria ya zamani iliyoungwa kwa lehemu yenye madini ya risasi isitumike tena kwa chakula, hata ingesafishwa namna gani.

Chujio la sufi lioshwe kwa maji ya moto matupu, ukiligeuza nje ndani. Likamuliwe kwa kubanwa viganjani na si kwa kusokotwa, maana nyuzi zikikatika halichuji tena. Lisiwekwe karibu na nafthalini, yaani vidonge vya kufukuzia nondo: sufi hunyonya harufu hiyo na kuipitisha kwenye shira.

Kila chombo kikauke kabisa kabla ya kuwekwa stoo. Sufuria na ndoo zifudikizwe mahali pakavu, zikifunikwa kitambaa safi dhidi ya panya. Haidromita, kipimo cha uzito wa shira, ifungwe peke yake, kwani kioo chake ni chembamba. Mwisho, zoa majivu yote katika jiko la kuchemshia utomvu, kwa kuwa hunyonya unyevu na kuozesha chuma, kisha funika bomba la moshi mvua isiingie.