Jinsi ya kuchagua programu ya pripresi kwa kiwanda cha ofseti: anza na mafaili yako mabovu

Wadau wa uchapaji, kama una ofseti ya rangi nne na CTP yako mwenyewe (mashine inayotoa pleti za kuchapia moja kwa moja kutoka kompyuta), sasa unatafuta programu ya pripresi, yaani ile inayopokea PDF ya mteja, inaikagua, inapanga kurasa kwenye shiti mpaka pleti inatoka, usianze kuuliza ipi ni kali kuliko zote. Jiulize kwanza pleti zako zinaharibikia wapi. Kaa na fundi wa pripresi na fundi wa mashine, pitieni kazi zote zilizorudiwa miezi ya karibuni mwandike sababu. Mara nyingi ni yaleyale: picha ya RGB (rangi za skrini, sio za wino) iliyotolewa WhatsApp, fonti haimo ndani ya faili, blidi (rangi ya ziada inayopita mstari wa kukatia) hakuna, au maandishi madogo meusi yamejengwa kwa rangi zote nne, rejista, yaani rangi kukaa sawasawa juu ya nyingine, ikihama kidogo tu yanakuwa na kivuli. Na balaa kubwa zaidi ni maandishi meupe yaliyowekewa ovaprinti (agizo la kuchapa juu ya rangi ya chini bila kuikata), kwenye skrini ya mteja yanaonekana vizuri kabisa, kwenye pleti hayapo.

Hayo mafaili ndo mtihani wako. Muuzaji akija na demo atakuwa na faili lake safi, mwache alioneshe halafu mpe yako: kalenda, kitabu, poster yenye vivuli vingi, na lile faili la CorelDRAW ambalo linamsumbua kila mtu. Angalia je inakamata kosa kabla pleti haijatoka, inaonesha ni ukurasa gani na sehemu gani, inaweza kurekebisha yenyewe, na je inaacha salama vitu ambavyo hukuiambia iguse? Hilo la mwisho watu wanalisahau, programu inayobadilisha rangi ya nembo ya mteja kimyakimya ni hatari kuliko isiyokagua kabisa. Vivuli pia uvitazame kwa makini. Kwenye viwango vya PDF za uchapaji, PDF/X-4 inaruhusu uwazi (vitu vinavyoonyesha kilicho chini yake, kama vivuli) ubaki kama ulivyo, PDF/X-1a hairuhusu, kwa hiyo kama RIP yako, ile programu inayogeuza PDF kuwa nukta za pleti, ni ya zamani na inalazimika kubana kila kitu kuwa tabaka moja unaweza kuona maboksi yamezunguka kivuli. Uliza RIP inatumia injini gani, Adobe PDF Print Engine na Harlequin ndo utakazozisikia sana.

Sehemu ya kukaa nayo muda mrefu ni impozisheni, yaani huko kupanga kurasa kwenye shiti. Chukua kitabu cha A5 cha kurasa 64, unachapa kurasa 16 kwa shiti, hizo ni shiti 4, kila shiti pleti 4 mbele na 4 nyuma, jumla pleti 32. Sasa pleti zote zimeshatoka na mwandishi anakuja na ukurasa mmoja wenye neno lililokosewa, maandishi meusi tu. Programu nzuri unabadilisha huo ukurasa bila kupanga upya kitabu kizima na unatoa pleti moja tu, nyeusi ya upande ule. Mwambie muuzaji afanye hivyo mbele yako, asisimulie. Na kama kitabu ni cha kupiga stepo katikati, aoneshe inavyofidia zile kurasa za ndani zinazosukumwa nje zikafika kwenye gulotini zinakatwa zaidi.

Majina makubwa ni Prinergy ya Kodak, Prinect ya Heidelberg, Apogee iliyokuwa ya Agfa na sasa ipo ECO3, XMF ya Fujifilm, Equios ya Screen. Ni nzuri, ila kwa maoni yangu kiwanda chenye mashine moja na kazi chache kwa siku hakihitaji mzigo wote huo, PitStop ya Enfocus ndani ya Acrobat, programu ya impozisheni na RIP iliyokuja na CTP vinatosha. Kama unafanya maboksi na lebo ni njia nyingine, huko angalia Esko.

Hakikisha inaongea na CTP yako. Uliza kama inatoa TIFF ya biti 1 (faili la picha ya pleti ambalo tayari ni nukta tupu) na kama CTP inaipokea, hapo hata ukibadilisha programu baadaye hulazimiki kubadilisha mashine. Usilipie moduli ya kupeleka data za wino mashineni wakati mashine yako haina konsoli ya kuzisoma, mashine ndogo kama GTO ya zamani ya Heidelberg haitafaidika na chochote.

Bei uliza kwa miaka mitano, laiseni ni ya kununua au ya kila mwaka, moduli gani zinauzwa pembeni, sapoti inagharimu ngapi. Ya mtandaoni iangalie kwa intaneti uliyonayo wewe. Na sapoti ipigie simu kabla hujanunua, jioni, maana Novemba na Desemba kalenda zikipamba moto hutasubiri ofisi ifunguliwe Jumatatu. Mafunzo wapate watu wawili, mmoja akihama kazi isisimame. Kwenye mkataba sehemu ya mwisho ya malipo itoke pale pleti za kazi zako halisi zimepanda mashineni na zimechapika, sio siku ya kuinstoli.